Sufuria la bibi, kiwanda cha Pugu Road, na swali la mama mmoja kliniki

SEHEMU YA 1

Wiki mbili zilizopita niliandika kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito na watoto, na maswali yalikuwa mengi. Swali moja limenikaa kichwani. Mama mmoja aliuliza: "Nesi, ni kweli masufuria ya alumini yana sumu? Maana mimi nyumbani sina kingine."

Ningeweza kumjibu kwa mistari mitatu. Lakini kila nikianza kuandika nikawa nakumbuka sufuria la bibi yangu kule Shighatini, Ugweno, limebonyea huku na huku, lina viraka viwili chini, na bado linapika makande. Nikaona jibu la kweli ni refu zaidi, na linaanza zamani. Kwa hiyo wiki hii tusome historia kidogo. Chukueni chai.

Sisi watu wa Upare ya Kaskazini hatukuanza kujua vyuma juzi. Ugweno ilikuwa nchi ya wahunzi. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilitoka 1969, alikusanya masimulizi ya wazee wetu, na masimulizi hayo yanasema watawala wa mwanzo wa Ugweno walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Mchanga mweusi wa chuma ulikusanywa kwenye mito, ukachanganywa na makaa, ukafukutwa kwa mivukuto mpaka chuma kikatoka. Majembe, mapanga, mishale, mikuki. Wachaga walikuwa wateja wetu wakubwa. Mwenye chuma ndiye mwenye nguvu, kwa hiyo haishangazi kwamba siku moja, karibu karne ya 16, ukoo wa Wasuya wakiongozwa na Angovi waliwapindua Washana. Baada yake mwanawe Mranga akaipanga nchi upya. Lakini hata baada ya kupinduliwa, Washana walibaki na nyundo zao na watu waliendelea kuwaheshimu na kuwaogopa.

Ila sikilizeni hili. Chuma cha Washana hakikuingia jikoni kama chombo cha kupikia. Mama wa Ugweno alipika kwenye chungu cha udongo. Chungu kinatunza moto vizuri na makande yake ni matamu hasa, lakini ni kizito, kinachelewa kupata moto, na kikianguka, basi tena. (Wapare wenzangu mnajua pia kwamba chungu kina kazi nyingine. Mtu akiibiwa akachoka, anatishia kuvunja chungu, na mwizi anarudisha mali usiku huohuo. Sijawahi kusikia mtu anatishia kuvunja sufuria.)

Kwa hiyo sufuria la chuma cheupe lilipofika milimani, halikumwondoa Mshana kazini. Mfinyanzi ndiye aliyeguswa, na wafinyanzi walikuwa wanawake.

SEHEMU YA 2

Alumini ni metali ya ajabu. Ipo kwa wingi kwenye ardhi, karibu asilimia 8 ya gamba la dunia, kuliko hata chuma. Lakini imejificha ndani ya udongo na mawe na haitoki kwa makaa na mivukuto. Hata mhunzi hodari wa Ugweno asingeipata kamwe. Inatolewa kwa umeme, umeme mwingi sana, na njia hiyo iligunduliwa mwaka 1886 na vijana wawili, Charles Hall Marekani na Paul Héroult Ufaransa, kila mmoja kivyake. Kabla ya hapo alumini ilikuwa kitu cha wafalme.

Udongo wenyewe wa alumini unaitwa boksaiti, na upo hata kwetu, kwenye milima ya Upare upande wa Same na kule Usambara karibu na Lushoto. Lakini kuwa na udongo siyo kuwa na metali. Mpaka leo Afrika Mashariki hakuna kiwanda kinachogeuza boksaiti kuwa alumini. Viwanda vyetu vyote vimefanya kazi ya hatua ya pili: kupokea alumini ya nje au chakavu, kuiyeyusha, kuibana kwenye mashine mpaka iwe bati jembamba, kukata duara, na kulizungusha duara hilo mpaka liwe sufuria.

Cha zamani katika ukanda wetu kilianzia Mombasa, Kaluworks, mwaka 1929. Sisi wa Ugweno tukishuka upande wa Ziwa Jipe tunaiona Kenya, na reli ya kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe ipo tangu Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miaka mingi Mombasa ilikuwa karibu na sisi kuliko Dar es Salaam. Bibi alikuwa na msemo wake: sufuria zuri ni "la Mombasa". Mimi nilidhani anasifia tu.

Kaluworks baadaye ikaingia mikononi mwa familia ya Chandaria ya Nairobi, na familia hiyo ndiyo iliyokuja kuanzisha kiwanda kikubwa cha kwetu. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Dar es Salaam, kwenye barabara ya Pugu ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, kikazaliwa Aluminium Africa. Wengi mnakijua kwa jina fupi: ALAF.

Jamani, mtu ukisema "kiwanda cha alumini" inasikika kama habari ya wahandisi. Hebu fikirieni jikoni. Sufuria jepesi ambalo binti wa miaka 10 anaweza kuliinua likiwa na maji. Linachemka haraka, kwa hiyo kuni kidogo, kwa hiyo safari moja ya msituni inapungua kwa wiki. Likianguka linabonyea, halivunjiki. Likitoboka, fundi bati anapita na kuliziba. Sufuria ni mali inayorithiwa. Mama mwenye masufuria matano yaliyong'arishwa kwa majivu na mchanga, yamepangwa juu ya kichanja yanameta, alikuwa mama wa heshima kijijini. Vikundi vya wanawake vya kupeana vyombo, ule mchezo wetu wa mwezi, vimejengwa juu ya sufuria. Mpaka leo kitchen party bila seti ya masufuria ni nini?

Na neno lenyewe. "Sufuria" limetoka Kiarabu, kwenye neno la shaba ya njano. Shaba ikaondoka, jina likabaki, alumini ikahamia ndani yake. Ndiyo maana mtoto wako ukimwambia sufuria, haoni shaba kabisa.

SEHEMU YA 3

Sasa tufike sehemu ambayo mama zetu wanaijua kuliko mimi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, viwanda vikubwa viliingia mikononi mwa umma, na Aluminium Africa nayo ikawa miongoni mwa kampuni za serikali chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Nia ilikuwa nzuri: Mtanzania apate sufuria, bati na jembe vilivyotengenezwa na Mtanzania. Na kwa muda ilikwenda. Vijana wa Kipare walioshuka milimani na vyeti vyao vya shule walipata kazi kwenye viwanda vya Pugu Road, na pesa zao zilijenga nyumba nyingi tu za bati huku juu. Hilo halihitaji profesa. Pita Ugweno na Usangi uone, kila nyumba ya zamani yenye bati ina mtoto aliyekuwa "mjini".

Tatizo lilikuwa lilelile nililosema juu. Alumini haitoki kwetu. Inanunuliwa nje kwa dola. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dola zikakauka: bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 na 1979. Katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi nchini vilikuwa vinafanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wao. Mashine ipo, fundi yupo, malighafi hakuna.

Mama zetu wanasimulia: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, khanga kwa foleni, na sufuria kwa kujuana. Unasikia kwamba duka la RTC limepokea masufuria, ukifika yameisha, kesho yake unayaona kwa mtu kwa bei ya kuruka. Mwaka 1983 Sokoine akaanzisha operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa bidhaa mitaroni usiku kwa hofu. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye dola zake alete bidhaa kutoka nje. Na 1986 ukasainiwa mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, Waziri wa Fedha akiwa Cleopa Msuya, mtoto wa Usangi, jirani yetu kabisa. Wapo wanaomsifu na wapo wanaomlaumu mpaka leo ijapokuwa ametangulia mbele ya haki mwaka 2025. Mimi ni nesi, sitaingia huko. Nitasema tu kwamba ukiangalia rafu za duka, unaona kabla na baada.

Nesi anaona kitu kingine katika miaka ile. Sufuria lilipokosekana, watu hawakuacha kupika. Walifanya yafuatayo: waliziba yaliyotoboka, walipikia makopo na madebe, na mafundi mitaani wakaanza kuyeyusha vyuma chakavu na kumimina masufuria yao wenyewe. Njaa ya sufuria iliwapa soko. Fundi wa mtaani ni mjanja na hakuwa na nia mbaya. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, wakati chuma kinahitaji zaidi ya 1,500. Maana yake makaa ya kawaida, feni, na shimo la mchanga vinatosha. Mshana wa zamani angeiona kazi hii akacheka kwa urahisi wake.

Kiwanda chenyewe kilibinafsishwa 1997, kikarudi kwa watu wa kundi lilelile la mwanzo, ambao leo wanajulikana kama Safal, na serikali ikabaki na hisa chache. Tangu hapo ALAF ndiyo mmoja wa watengenezaji wakubwa wa bati nchini. Cha kuchekesha, jina ni la alumini lakini ukimtajia mtu ALAF anainua macho kuangalia paa. Hata hivyo alumini bado imo: bati la kisasa ni chuma kilichopakwa mchanganyiko ambao zaidi ya nusu yake ni alumini na sehemu kubwa ya iliyobaki ni zinki, ndiyo maana halishiki kutu upesi kama yale ya zamani. Kwa sisi wa milimani bati ni zaidi ya paa. Ni maji. Weka mfereji na tanki, mama mjamzito hashuki bondeni na ndoo kichwani. (Na mnaopenda kusoma: kampuni hiyo na ndugu yake wa Kenya, Mabati Rolling Mills, ndio wamekuwa wadhamini wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza 2014. Bati limelipia riwaya. Nilifurahi kujua.)

SEHEMU YA 4

Sasa narudi kwa mama wa kliniki, maana nilimuahidi jibu.

Alumini yenyewe, ile iliyo safi, si ya kukutisha. Kiasi kidogo kinaingia kwenye chakula, hasa chenye uchachu, na figo nzima zinakitoa. Wenye figo mbovu ndio wanahitaji uangalizi, na wengi wao tayari wapo chini ya daktari. Zile habari za WhatsApp kwamba sufuria la alumini linaleta ugonjwa wa kusahau hazijathibitishwa.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni lile sufuria la tatu, la kumiminwa. Sio kwa sababu ni la fundi maskini na la kiwandani ni la tajiri. Ni kwa sababu ya kinachoingia kwenye moto wake. Chakavu kinakuja kimechanganyika: vipande vya injini, rejeta, waya, makopo, vitu vilivyopakwa rangi. Humo kuna risasi. Siyo risasi ya bunduki jamani, namaanisha ile metali laini nzito iliyomo kwenye betri za gari.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vyombo 42 vya alumini vilivyotengenezwa na mafundi wadogo katika nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo. Walichemsha humo asidi hafifu kama ya siki kwa saa mbili. Vyombo 15 vilitoa risasi ya kiasi cha kuhesabika kwa kila bakuli moja la chakula, na vingine vilitoa nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Tumbo la mtoto mdogo linafyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya la mtu mzima. Inakwenda kwenye ubongo unaokua, na inaingilia utengenezaji wa damu. Kwa mama, inajificha kwenye mifupa miaka na miaka, halafu akipata mimba mwili unachota madini mifupani na risasi inatoka nayo kuelekea kwa mtoto.

Na mtoto wa hivyo hana alama usoni. Haumwi homa. Amepauka kidogo, hasikilizi darasani, mwalimu anasema mvivu. Sisi huku tunampima damu, tunaona imepungua, tunampa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo. Kipimo cha risasi hatuna kwenye vituo vyetu vya kawaida. Kwa hiyo nikisema sijawahi kumwona mtoto mwenye risasi mwilini, maana yake ni kwamba sijawahi kumpima.

Wapishi wa makande sasa nisikilizeni vizuri. Makande yanachemka saa tatu. Uji wa mzazi tunautia ndimu au ukwaju. Mchuzi una nyanya. Maziwa mgando tunayalaza usiku kucha. Uchachu, moto mrefu na muda mrefu: hayo matatu ndiyo yanayochota metali kutoka kwenye chombo.

Utalijuaje? La kiwandani limetokana na bati: jembamba, sawasawa kila upande, laini, ukiangalia kwa karibu lina mistari ya duara ya mashine. La kumiminwa ni zito, nene, uso wake una chembechembe kama lilikaa kwenye mchanga (ndiyo, lilikaa), na mara nyingi mikono yake imezaliwa nalo badala ya kupigiliwa misumari. Watu wanalipenda kwa sababu ni zito na wanaamini uzito ni ubora. Ukinunua kwa kilo unaona umepata mali.

Sisemi mtupe vyombo leo. Najua bei. Lile la kumiminwa lipe kazi ya kuchemsha maji ya kuoga au kuweka nafaka kavu. Chakula cha mtoto na cha mjamzito kipikwe kwenye sufuria la bati la kawaida, au la stili, au kwenye chungu chetu cha udongo kisichopakwa rangi wala king'arisho. Chakula chenye ndimu, ukwaju au nyanya kikiiva, kihamishie kwenye bakuli la udongo au la plastiki imara, kisilale ndani ya alumini yoyote. Na tuache kusugua ndani kwa waya mpaka lionekane kioo. Ule weusi hafifu wa ndani ni ngozi ya sufuria, unalilinda. Nje sugua utakavyo, heshima yako ibaki.

Na kuhusu upungufu wa damu uliotuleta hapa: mwaka 1999 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Ethiopia, watoto 407, wengine nyumbani kwao walipewa masufuria ya chuma na wengine ya alumini, wakafuatiliwa mwaka mzima. Waliopikiwa kwenye chuma damu yao iliongezeka zaidi, kwa sababu chuma kidogo kinaingia kwenye chakula. Niliposoma nilikaa kimya kidogo. Karne zote zile chuma cha Ugweno kilikuwa kinashuka kwenda kwa Wachaga kama majembe na mikuki, na hakuna aliyewaza kumfulia mama chungu cha chuma.

Ningependa mamlaka zetu za viwango ziingie kwenye karakana hizo, si kwa kufunga na kukamata, bali kwa kupima, na kuwaonyesha mafundi ni chakavu kipi kisiguse chombo cha kupikia. Wengi wao ni vijana wetu, na moshi wa kwanza wanauvuta wao, kisha watoto wanaocheza pembeni.

Mwezi uliopita nilipanda Shighatini. Kijana wa vyuma chakavu alikuwa amepita na mzani wake, na mjomba alishatoa sufuria la bibi nje pamoja na rejeta ya gari bovu na betri kuukuu, vyote kwenye gunia moja. Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akafungua gunia, akachukua sufuria lake, akarudi ndani bila kusema neno. Kijana akapima vilivyobaki.

Kesho nitajibu maswali ya chini. Mkituma picha za masufuria yenu, pigeni na sehemu ya ndani na mikono yake, siyo kifuniko tu.